Mvinyo wa Australia na Pua Niliyoiacha Njiani

Ndugu zangu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza swali moja, wengine kwa simu, wengine mlangoni mwa kanisa, na mmoja juzi kanishika mkono katikati ya foleni ya dukani: "Hivi Elia, kwani huko Buffalo kulitokea nini?" Nimekuwa nikijibu nusunusu kwa sababu habari yenyewe haisemeki mtu akiwa amesimama. Leo nimekaa. Nitaieleza mara moja, tangu tulipotoka Louisville hadi tuliporudi, kisha naomba mniache nayo. Mambo ya vibali na kukodi gari nayaruka. Hayo yalikwenda vizuri, na ni hayo tu.

Kwa asiyenijua sana, mimi ni mtu wa Hombolo, Dodoma, na baba yangu ni mkulima wa zabibu. Hapa Louisville, mji ambao ukipita karibu na viwanda vya wiski unasikia harufu ya mahindi yaliyochachuka mpaka ndani ya gari, mimi nilikuwa naishi kwa pua. Nilifanya kazi kwa Bi. Maureen, mama wa Kiaustralia aliyekuwa akiagiza mvinyo wa hali ya juu na pombe kali za kwao kutoka kwa watengenezaji wadogowadogo. Yeye alikuwa anachagua. Mimi nilikuwa naonja, naueleza mvinyo kwa maneno, nawashawishi wenye migahawa na maduka. Kazi hiyo niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nalisema hili mapema ili muelewe yanayofuata.

Louisville: kupakia

Asubuhi ya safari tulionja kwa mara ya mwisho kwenye ghala dogo la Bi. Maureen. Yeye hakuweza kusafiri, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, akitembea kwa kuegemea magongo.

Kulikuwa na Riesling ya bonde la Clare, mvinyo mweupe, iliyokaa chupani muda mrefu. Ukiinusa unapata ndimu kwanza, halafu nyuma yake, mtanisamehe, mafuta ya taa. Kweli kabisa, kama koroboi iliyozimwa sasa hivi, na bado inapendeza. Kulikuwa na Cabernet ya Coonawarra, mvinyo mwekundu, iliyonuka majani ya mkaratusi. Kulikuwa na jini, ile pombe kali, iliyotengenezwa kwa majani ya miti ya porini kwao, yenye harufu ya mchaichai lakini kali zaidi. Kulikuwa na wiski ya Tasmania yenye moshi. Kulikuwa na Muscat ya Rutherglen, nzito kama asali, harufu yake zabibu kavu na kahawa na halua kwa pamoja. Na kulikuwa na Shiraz ya Barossa kutoka kwenye mizabibu ya kale sana, chupa moja tu, ya mwisho ya mavuno yake. Hiyo hatukuifungua. Nilikuwa nimeinywa zamani na niliijua: zambarau zilizoiva mpaka zimepasuka, pilipili manga, na vumbi likipata mvua ya kwanza.

"Hiyo ni ya Buffalo," Bi. Maureen akasema. Huko Buffalo kulikuwa na bwana mmoja mwenye migahawa kadhaa aliyekuwa akitafuta mvinyo wa Australia. "Akikubali, tunaendelea. Akikataa, Elia, mimi sina pa kushika tena. Nitafunga."

Nilipakia kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai.

Dereva wetu alikuwa Muhoza, Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, kiongozi wa kwaya katika kanisa la Kipentekoste. Wengi wenu mnamjua kwa sauti yake. Siku za kawaida anapakia mizigo kwenye ghala kubwa karibu na uwanja wa ndege, na wiki ile alikuwa likizo.

"Bon, kaka," akaniambia akifunga mlango wa nyuma. "Miye nitabeba, nitaendesha, lakini kuonja hapana. Donc usinibembeleze mu njia."

"Sitakubembeleza, ndugu."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Barabarani hadi Columbus

Tulipofika karibu na Cincinnati lori lilikuwa limelala ubavu darajani, na magari yote yakasimama juu ya mto Ohio. Tulikaa pale mpaka Muhoza akamaliza nyimbo zote anazozijua na kuzianza upya. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mimi nikaanza kusikia mwili mzito na koo linawasha. Nilidhani ni baridi tu. Muhoza alinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, yenye tangawizi nyingi, na nakumbuka niliinusa kabla ya kunywa, kama ninavyofanya kwa kila kitu, na ilikuwa chai nzuri. Sikujua kwamba ndiyo chai ya mwisho.

Linden: divai ya Meza ya Bwana

Huko Columbus tulifikia Linden, kwa shangazi yake Muhoza, Mama Sifa, kwenye nyumba ya kupanga yenye ngazi za mbao zinazolia. Sebuleni tulikuta viti vimepangwa kuzunguka ukuta, na mzee mmoja wa kanisa amekaa katikati na koti lake la suti. Nikadhani kuna msiba.

"Karibu sana mutumishi!" Mama Sifa akanishika mikono yote miwili. "Muhoza alisema unaleta divai kutoka Australia. Tunamushukuru Mungu, maana Meza ya Bwana ni Siku ya Yenga hii."

Siku ya Yenga kwao ni Jumapili. Nikamtazama Muhoza. Muhoza akatazama zulia. Kumbe kwenye simu alisema tu kwamba anasafiri na ndugu anayepeleka divai, na mama wa watu akajaza mengine mwenyewe.

Mzee wa kanisa akakohoa. "Mutoto yangu, hiyo divai iko ya kulewesha, ao iko juisi?"

"Ni ya kulewesha, mzee."

Mjukuu wa Mama Sifa, binti wa sekondari aliyekuwa amekaa na simu yake, akaangua kicheko, akasema kitu kwa Kiingereza, akafukuzwa jikoni.

"Bon," mzee akasema baada ya kufikiri. "Bwana alifanya maji kuwa divai. Weye unaifanya kuwa biashara. Ni ya kuombea." Na akaomba kweli, mkono wake kichwani pangu, akimwomba Mungu anipatie kazi nyingine. Nikasema amina kwa adabu.

Baada ya hapo hawakunichukia hata kidogo. Tulikula bugari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na mawese, maharage, na maziwa mengi, kwa sababu kwa watu hawa mgeni asiyepewa maziwa hajakaribishwa. Nilikula kidogo. Mama Sifa aliona macho yangu, akanigusa shingo. "Huyu anaungua," akasema, akaniletea blanketi na maji ya moto ya limao. Nilipima korona kwa kipimo cha nyumbani, haikuwepo. Mafua tu, tukasema.

Gahanna

Kesho yake nilikwenda kuonyesha mvinyo kwenye duka moja la Gahanna nikiwa nimevaa barakoa, pua imeziba kama imepigwa zege. Haikunitia wasiwasi. Kila mwonjaji amewahi kufanya kazi na mafua, na maneno unayo kichwani. Mwenye duka, mama mcheshi mwenye miwani ya kamba, aliipenda jini mpaka akaita wateja waje waionje. Akachukua jini, akachukua wiski ya Tasmania. Nilirudi Linden nikiwa mgonjwa lakini nimefurahi, nikalala mapema.

Asubuhi niliamka mzima. Homa imetoka, pua imefunguka, hewa inaingia mpaka kifuani bila kizuizi. Nikashuka jikoni. Mama Sifa alikuwa amebandika maziwa, akaenda kumwamsha mjukuu wake. Nikakaa kwenye kiti karibu na jiko, nikafungua simu kusoma habari za barabara. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Ghafla Mama Sifa akaingia anakimbia, kitambaa usoni. "Weye! Kaka! Husikii maziwa inaungua?"

Nikainua macho. Sufuria ilikuwa nyeusi hatua mbili kutoka nilipokaa, na moshi umetanda darini. Binti yule alikuwa anakohoa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nauona moshi, nauona vizuri, na sikuwa nasikia harufu yoyote.

Nikatoka hadi kwenye gari bila koti. Nikafungua Riesling. Nikanusa, nikanywa. Maji yenye ukali wa ndimu ulimini, basi. Nikafungua Cabernet, ikanikamata fizi kama chai iliyokolea mno, haikusema kitu. Muscat ilikuwa sukari. Nikapeleka chupa ya jini puani nikavuta kwa nguvu zangu zote. Pua iliniwasha, machozi yakanitoka, lakini mchaichai haukuwemo. Nilirudia na kurudia mpaka Muhoza akaja akaninyang'anya chupa, akidhani nimeanza kulewa asubuhi.

"Sisikii," nikamwambia. "Muhoza, sisikii kitu."

Nikampigia Bi. Maureen nikamweleza wazi.

"Chupa hizo umezionja mara ngapi?" akauliza.

"Nyingi."

"Basi zieleze kwa kumbukumbu. Sina mtu mwingine, Elia. Tafadhali."

Ningesema hapana, sijui ingekuwaje. Nilisema ndiyo.

Ziwa lililofunga njia

Tukashika njia ya Cleveland, kisha mashariki kufuata ziwa Erie. Halafu Muhoza akasema, "Kaka, kunywa ni zambi kwangu. Lakini kunusa, sijaona mustari mu Biblia."

Tukapanga hivi: kila chupa itakayofunguliwa Buffalo, yeye atainusa kwanza. Hahitaji kuijua, atanieleza tu kama kuna kitu kimeharibika. Tuliposimama kujaza mafuta akajaribu. Ya Cabernet akasema, "Inanukia sawa ile dawa ya kupaka kifua." Nikacheka, mara ya kwanza siku ile. Alikuwa sahihi, ule ni mkaratusi. Nikajiona ninaweza kufika.

Kisha theluji ya ziwa ikatushukia. Asiyeiona hawezi kuamini. Haikunyesha, ilimwagwa. Karibu na mji wa Erie polisi wakafunga barabara, tukaelekezwa kwenye kituo cha mapumziko pamoja na malori mengi. Humo ndani watu wamelala juu ya meza, watoto wanalia, mashine ya kahawa imeisha kahawa. Mkutano wetu ulikuwa mchana ule. Nikampigia bwana wa Buffalo, akasema basi kesho saa tano asubuhi, na kwa kifupi.

Tulikuwa tunaongea Kiswahili kwa sauti ya chini, na mwanamke mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa akaja moja kwa moja mezani petu.

"Niaje? Nimeskia Kiswahili nikasema lazima nikuje. Mimi naitwa Wanjiru, ile truck nyekundu ni yangu. Mmekula?"

Hatukuwa tumekula. Alirudi kwenye lori lake akaleta chapati na ndengu, choroko kwetu, alizopika mwenyewe, akazipasha kwenye mashine ya kituo. Muhoza alikula akifumba macho. Mimi nilitafuna. Chapati ilikuwa laini, ndengu zilikuwa na chumvi na uji uji wa moto. Nilijua kuna vitunguu na dhania humo, niliviona kwa macho.

"Ziko sawa?" Wanjiru akaniuliza. "Ama hii masala imezidi?"

"Ziko vizuri sana, dada. Asante."

"Mbona hivyo sasa? Umefiwa?"

Muhoza akamweleza. Yule dada akaacha kula. Hakusema itarudi wala usijali. Alisema, "Woi, pole," akaniongezea chapati nyingine, kana kwamba wingi ungeweza kufidia. Nimekutana na watu wengi wema katika maisha yangu, na sijui kwa nini wema ule ndio ulionivunja. Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimefungua bomba.

Buffalo

Barabara ilifunguliwa alfajiri. Mgahawa wa yule bwana uko karibu na maji, matofali mekundu, moto unawaka ndani. Yeye mwenyewe ni mtu mzima, mpana, mpole, anaitwa Stan. Pembeni yake alikaa mpishi wake mkuu, mwanamke mwembamba asiyecheka.

Mambo yalianza vizuri kuliko nilivyostahili. Nilikuwa nafungua chupa kwenye kaunta ya nyuma, Muhoza ananusa, ananipa ishara ya kichwa, mimi napeleka mezani. Riesling wakaipenda. Nilipowaambia juu ya mafuta ya taa, mpishi akanusa tena na mwishowe akatabasamu. Cabernet wakaizungumzia kwa nyama ya kondoo. Muscat Stan aliimaliza glasi yote. Nilikuwa nasema yale maneno na yanatoka sawasawa, kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwa sauti. Moyoni nilianza kuhesabu kwamba tumepona.

Hapo akaingia mfanyakazi kusema magari ya kusafisha theluji yamefika, na gari letu limezuia njia, liondolewe sasa hivi. Muhoza akanitazama.

"Nenda," nikasema. "Nakungoja."

Akatoka mbio. Lakini Stan alikuwa ameshanyoosha mkono. "Na ile?" akauliza. Ilikuwa Shiraz ya Barossa. "Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingojea."

"Tumsubiri mwenzangu kidogo," nikasema.

"Nina watu saa sita. Fungua tu, kijana."

Nikafungua. Chupa nyingine zote zilikuwa na vifuniko vya kuzungusha, hii peke yake ilikuwa na kizibo cha gome la mti. Kizibo kilitoka kizima, safi kwa macho. Nikajimiminia kidogo, nikainua glasi, nikanusa kwa mazoea. Rangi ilikuwa ileile niliyoikumbuka. Nikawamiminia. Nikaanza kusema. Nilisema zambarau zilizopasuka, nikasema pilipili manga, nikasema vumbi na mvua ya kwanza. Nilisema vizuri, sijawahi kusema vizuri hivyo, kwa sababu nilikuwa nasema kitu nilichokipenda na sina tena.

Nilipomaliza hakuna aliyekuwa amekunywa. Mpishi alikuwa ameisogeza glasi yake mbali. Stan alikuwa ananitazama, si kwa hasira.

"Umeinusa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nimekuona ukiinusa. Inusa tena."

Nikanusa tena.

"Kizibo kimeiharibu," akasema polepole. "Inanuka kadibodi iliyolowa. Harufu inafika hapa nilipokaa."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu maziwa ya Mama Sifa. Alinisikiliza hadi mwisho, akakunja kitambaa chake akakiweka mezani.

"Pole sana, kijana. Kweli nakwambia, pole. Ungeniambia mlangoni, ningekusaidia kunusa mimi mwenyewe. Lakini umekaa mbele yangu ukanisifia chupa mbovu. Sasa hizo nyingine nitaziaminije?"

"Hizo nyingine umezionja mwenyewe, bwana."

"Ni kweli," akasema. "Hata hivyo." Akanipa mkono, akaondoka. Muhoza aliingia akipangusa theluji mabegani, akaona uso wangu, akaichukua chupa akainusa, akairudisha mezani.

Tulifikia kwa binamu yake Muhoza huko Riverside, mtaa wa nyumba ndogo karibu na mto Niagara. Mchana huo nilikwenda kusimama ukingoni. Mto ule hauendi taratibu, unapita kama kitu kinachofukuzwa, vipande vya barafu vinagongana. Hapo ndipo nilipompigia baba yangu, Hombolo, ingawa kule ilikuwa imeshakuwa usiku. Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Akaniambia wanavuna kesho, zabibu za msimu huu zinanukia mpaka barabarani.

Muhoza alikuja akasimama karibu yangu. "Unisamehe, kaka. Ningeacha gari ichukuliwe."

"Si kosa lako."

"Basi ni kosa ya nani?"

Kama angekuwepo wa kulaumiwa ningelala vizuri zaidi.

Kurudi

Safari ya kurudi haina la kusimuliwa. Barabara ilikuwa kavu. Hatukusimama Columbus.

Bi. Maureen hakunigombeza. Alimimina Muscat iliyobaki kwenye glasi mbili, tukakaa kwenye maboksi, yeye akanywa Muscat na mimi nikanywa sukari. "Nilikutuma mimi," akasema. Siku chache baadaye akafunga biashara, na sasa amerudi kwao kuishi na dada yake. Zile chupa mlizokuta nazigawa bure ndizo hizo. Msizifiche kabatini zikaharibika. Mkizimaliza, tafuteni nyingine: tafuteni Riesling ya Clare iliyokaa miaka, tafuteni Shiraz ya mizabibu ya kale, tafuteni jini yenye majani yao ya porini, na mkiifungua mtulie kwanza, mnuse kabla ya kunywa. Ni vitu vizuri. Hilo nalijua bado.

Daktari anasema ni virusi vya mafua, vimeunguza mishipa ya harufu. Huenda ikarudi, huenda isirudi, na hana namna ya kujua. Muhoza amenitafutia kazi kwenye ghala lao. Tunapakia zamu moja. Ni kazi ya halali, mgongo ndio unaohitajika.

Daktari alishauri pia mazoezi ya pua. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi mke wangu Salome ananifunga kitambaa machoni, ananisogezea kopo moja kati ya manne: karafuu, ndimu, mdalasini, kahawa. Wiki ya kwanza nilikuwa nikikaa tu, natikisa kichwa. Kisha asubuhi moja akafungua kopo nikasema, "Karafuu."

Salome alipiga kelele. Alinikumbatia na kopo mkononi, karafuu zikamwagika sakafuni, akaanza kuimba na kulia kwa pamoja, akasema anampigia mama yake.

Ilinibidi nimwambie. Kopo la karafuu ndilo peke yake lenye kifuniko cha bati, na nilisikia bati likilia. Harufu sikuisikia.

Akakaa chini. Baadaye akaziokota karafuu moja moja. Kesho yake nikakuta amehamishia vyote kwenye vikombe vinne vya plastiki vinavyofanana kabisa, vifuniko vyake havina sauti. Tunaendelea kila siku. Kuna asubuhi napatia, kama atakavyopatia mtu yeyote anayebahatisha.